Mji wa Eka Mbili: Maneno juu ya Kuanza Mifugo na Bustani

(Hotuba iliyosomwa mbele ya mkutano wa wazee, walimu na wakulima)



Miongoni mwenu wako walioshika jembe kabla mimi sijazaliwa. Kazi yangu ni ya kalamu, na kutwa nimekaa mbele ya daftari. Lakini karani naye hula ugali, naye ana mke na watoto na shamba; tena mezani pake hupita watu wengi wenye habari za mashamba. Huyu ataka kuandikisha mpaka, huyu ana shauri la mbuzi aliyekula mihogo ya jirani, na yule ataka barua ya kuuza ng'ombe wake wa pekee, kwa kuwa fedha za shule zimemkuta hana kitu. Katika mashauri hayo nimejifunza jambo moja, nalo ndilo nitakalo kulieleza leo: mji mdogo hauharibiki kwa udogo wake, bali kwa kuanzwa kinyume, lililo la mwisho likawekwa mbele na lililo la kwanza likaachwa nyuma.

Na tuseme kijana amerudi kwao kutoka kazi ya mshahara. Ana fedha kidogo, ana mke na mtoto mmoja, na baba yake amemgawia eka mbili. Afanya nini kwanza? Wengi wetu twajua. Hununua ng'ombe wa maziwa, maana ng'ombe ni heshima, na mtu aliye na ng'ombe husalimiwa vizuri njiani. Lakini ng'ombe wa kiasi, asiye mkubwa sana, hula kama kilo 40 za majani mabichi kila siku, naye hunywa debe moja la maji au zaidi; akiwa na maziwa mengi, hunywa mengi zaidi ya hayo. Basi nauliza: majani hayo yataoteshwa wapi, na maji hayo yatachukuliwa na nani?

Jibu mnalijua. Yatachukuliwa na mke wake, mwenye mtoto mgongoni. Masika yapitapo, majani ya karibu huisha, naye huenda mbali zaidi kila juma. Bustani haipati maji, maana mwenye kuinyweshea yuko porini na mundu. Mtoto hula ugali mkavu. Ng'ombe naye hukonda, maziwa hukatika, kupe humwingia, na mwisho huuzwa kwa bei ndogo kuliko ile aliyonunuliwa. Kijana husema, "Ardhi hii haina baraka," akafunga safari kurudi mjini. Ardhi haikukosa kitu. Kilichokosekana ni utaratibu.

Sisemi ng'ombe ni kitu kibaya, hasha! Nasema ng'ombe awe wa mwisho kuingia, naye akute nyumba yake tayari. Utaratibu wenyewe ni huu: kwanza ardhi na majani, pili mbolea, tatu bustani, nne kuku, tano mbuzi, na ng'ombe baada ya hao wote.

Jambo la kwanza ni ardhi. Mwenye eka mbili azizungukie siku ya mvua kubwa, asiogope kulowa. Atazame maji yanatoka wapi, yanapita wapi, na yanachukua nini. Maji yakiwa mekundu, ajue kwamba chakula chake cha mwaka ujao kinateremka bondeni. Hapo atengeneze matuta ya kukinga mteremko, wala asilime kwa kufuata maji.

Mtu atasema, "Nitajuaje usawa, nami sina chombo cha fundi?" Chombo ni miti mitatu, kamba na jiwe. Chukua miti miwili iliyonyoka, kila mmoja futi 6, uifunge pamoja juu na kuitanua miguu, kisha ufunge mti wa tatu kati yake kama herufi A. Kutoka juu ning'iniza kamba yenye jiwe. Simamisha chombo juu ya vigingi viwili, utie alama pale kamba inapogusa mti wa kati. Ukigeuze, kila mguu ukae mahali pa mwenzake, utie alama ya pili. Katikati ya alama hizo mbili ndipo penye usawa. Tangu hapo endelea kuvuka mteremko, mguu mmoja ukikaa na wa pili ukitafuta, mpaka kamba itulie penye usawa, nawe upige kigingi. Kazi hii mtoto wa shule aweza kuifanya, tena huipenda.

Juu ya matuta hayo panda mabingobingo. Chukua kipande cha shina chenye vifundo vitatu, viwili viingie ardhini na kimoja kibaki juu. Majani hayo hushika udongo usichukuliwe, na baada ya miezi mitatu au minne huwa tayari kukatwa mara ya kwanza. Basi tuta moja limefanya kazi mbili: limezuia udongo, nalo limelisha mnyama. Ndiyo maana nasema majani yatangulie. Mwenye kupanda majani masika ya kwanza hatamtuma mke wake porini kiangazi cha pili.

Jambo la pili ni mbolea. Wako wanaofikiri mbolea ni uchafu wa kutupwa. Lakini tazameni kisiwa cha Ukara katika Ziwa Viktoria, kaskazini ya Ukerewe. Kisiwa hicho ni kidogo na watu wake ni wengi sana, wala hawana mahali pa kuhamia shamba linapochoka. Wakara walijulikana tangu zamani kwa kufuga ng'ombe ndani ya nyumba, katika shimo, wakiwakatia majani na kuwaletea. Samadi ilikusanywa kwa uangalifu na kuchukuliwa shambani. Pamoja na uwele walipanda marejea, ambayo hurudisha nguvu ya udongo. Katika mlima wa Kilimanjaro nako, Wachagga walifunga ng'ombe nyumbani, wakawaletea majani kutoka tambarare, na samadi yake ikalisha migomba ya kihamba. Watu hawa hawakungoja kufundishwa na mgeni. Ufinyu wa ardhi ndio uliowafundisha, na ufinyu huo sasa umefika kwetu sote.

Asiye na mnyama bado aweza kuanza kufanya mbolea. Achague mahali penye kivuli, karibu na bustani. Chini aweke mabua yaliyokatwa katwa, juu yake majani mabichi, juu yake samadi kidogo ya kuku au ya mbuzi aliyoomba kwa jirani, kisha udongo na majivu kidogo. Halafu arudie tena mpaka lundo lifike kifuani. Kila tabaka linyunyiziwe maji, liwe kama nguo iliyokamuliwa, lisiwe kama tope. Achome kijiti kirefu katikati. Akikichomoa baada ya siku chache na kukiona kina moto, lundo linafanya kazi. Kikiwa baridi na kikavu, aongeze maji. Baada ya majuma matatu alipindue, la juu liwe chini. Afunike kwa majani ya migomba, ili mvua isichukue nguvu na jua lisikaushe. Baada ya miezi mitatu hivi atapata mbolea nyeusi isiyonuka. Samadi mbichi isitiwe penye miche, maana huiunguza, tena huleta mbegu za magugu.

Jambo la tatu ni bustani. Mahali pake ni karibu na jiko. Bustani iliyo mbali haionwi, na isiyoonwa haipaliliwi. Iliyo karibu na jiko hupata maji yaliyooshea mboga, tena mama akitoka kuchota kuni huona mdudu kabla hajala jani zima. Vitanda viwe na upana wa futi 4, ili mkono ufike katikati kutoka pande zote mbili, wala mguu usikanyage udongo uliolainishwa. Panda mchicha kwanza, maana katika majuma matatu au manne huwa chakula. Lakini usipande mbegu zote siku moja. Panda kitanda kimoja leo, na cha pili baada ya majuma mawili, ili mboga zifuatane kama watu waliopanga mstari. Ongeza kunde, maboga, vitunguu na sukuma wiki. Pembeni weka mipapai, na mahali pa mbali zaidi viazi vitamu na mihogo, iwe akiba ya njaa. Bustani izungushiwe ua wa fito au wa miiba, la sivyo kuku watakuwa wa kwanza kuvuna.

Jambo la nne ni kuku. Anza na matembe watano na jogoo mmoja, wala usidharau mwanzo huo. Haba na haba hujaza kibaba. Kuku huatamia siku 21, naye aweza kufunika vizuri mayai 10 au 12. Tufanye hesabu pamoja, nayo ni ya mfano tu. Matembe watano wakiangua mara tatu kwa mwaka, wakapata vifaranga wanane kila mara, jumla ni 120. Ikiwa katika kila wanane wanakua wanne, umepata kuku 60. Ikiwa wanakua sita, umepata 90. Kuku 30 hao waliozidi hawakutoka kwa jogoo bora. Wametoka kwa tenga la kuwafunikia vifaranga mwewe asiwachukue, na kwa banda lililoinuliwa na kufungwa usiku, nguchiro na kicheche wasiingie.

Lakini yuko adui mkubwa kuliko mwewe, naye ni mdondo, ambao wengine huuita kideri. Ugonjwa huu ukiingia kijijini huweza kumaliza karibu kuku wote kwa siku chache, wala hauna dawa ya kuuponya. Uko mlango mmoja tu wa kuufunga: chanjo. Chanjo ya matone hutiwa jichoni, tone moja kwa kila kuku, kila baada ya miezi mitatu, nayo hupewa kuku wazima, si wale waliokwisha kuugua. Kwa kuwa chupa moja yatosha kuku wengi, haifai mtu mmoja ainunue peke yake. Nyumba 10 au 20 zishirikiane, zichague siku moja, zimwite bwana mifugo. Na kuku aliyenunuliwa sokoni atengwe majuma mawili kabla hajachanganywa na wenzake.

Jambo la tano ni mbuzi. Mbuzi huchukua mimba miezi mitano, na mara nyingi huzaa pacha. Banda lake liwe na sakafu ya fito iliyoinuliwa, ili akae pakavu na samadi ianguke chini, ikusanywe. Alishwe bandani kwa majani ya matuta na maganda ya jikoni. Mbuzi wa bandani huleta samadi na maziwa. Mbuzi wa kuzurura huleta mashauri.

Sasa twafika kwa ng'ombe. Ukitaka kumnunua, fanya jaribio hili katika kiangazi, wala si katika masika. Kwa siku saba kata majani kana kwamba ng'ombe yuko zizini tayari. Pima kilo 40 kila siku, uchote na maji yake. Ikiwa siku ya saba majani yako bado yapo na watu wako hawajachoka kabisa, nunua. Ikiwa siku ya nne umeanza kuingia katika shamba la jirani, subiri mwaka mmoja. Jaribio hili halina gharama ila jasho, nalo litakuonyesha ukweli ambao mwuzaji hatakuambia.

Ng'ombe huchukua mimba kama miezi tisa. Ndama akizaliwa, anyweshwe dang'a katika saa za kwanza, maana ndani yake mna kinga ya magonjwa. Asiyeipata mapema huwa dhaifu, na wengi hufa. Kupe watazamwe kila siku, katika masikio na chini ya mkia, maana ndigana kali huletwa na kupe. Asiye na josho karibu atumie dawa ya kunyunyiza, kwa kipimo kilichoandikwa, si kwa kipimo cha jicho.

Mzee mmoja aweza kuniuliza, "Karani, mbona baba zetu walianza na ng'ombe, nao walistawi?" Swali hili ni la haki. Baba zetu walikuwa na malisho mapana, na ng'ombe alijitafutia mwenyewe. Sisi twagawana eka za baba, na watoto wetu watagawana eka zetu. Tena hata baba zetu walipata msiba mkubwa. Katika miaka ya 1890 sotoka iliingia katika nchi za Afrika ya Mashariki, ikaua sehemu kubwa sana ya ng'ombe, na watu ambao maisha yao yote yalitegemea ng'ombe walikumbwa na njaa kali. Leo sotoka imekwisha. Mwaka 2011 ilitangazwa ya kuwa imetoweka duniani pote, kwa kazi ya chanjo ya miaka mingi. Lakini fundisho lake halikwisha: mali yote isiwekwe juu ya kwato za mnyama mmoja.

Jambo lingine ni la kazi yangu, nanyi mtanivumilia. Mali bila daftari hupotea bila habari. Chukua daftari la shule la mtoto, upige mistari minne: tarehe, kilichoingia, kilichotoka, na sababu. Andika mayai yaliyouzwa, na yale yaliyoliwa pia, maana yai lililoliwa na mtoto si hasara. Andika siku ya chanjo na siku ya jogoo kufa. Baada ya mwaka mmoja hutabishana na mkeo juu ya kuku wana faida au hawana, mtafungua daftari.

Nimesema juu ya mwenye mji. Sasa naomba ruhusa niseme juu yetu sote, maana mji mdogo hausimami peke yake.

Kwenu wazee na wakuu wa vijiji nina maombi matatu. La kwanza ni juu ya mbuzi wa kuzurura. Katika vijiji vingi, mavuno yakiisha, kila mnyama hufunguliwa, na shamba lote huwa malisho ya wote. Desturi hii ilifaa wakati ambapo hakuna aliyepanda kitu kiangazi. Lakini leo kijana akipanda mihogo, mabingobingo na mipapai, mbuzi wa watu watatu waweza kumaliza kazi ya mwaka kwa mchana mmoja. Akija barazani, huambiwa, "Kwa nini hukujenga ua?" Nawaomba mlitafakari neno hilo. Je, ni haki aliyepanda azungushe ua wa eka mbili, na aliyefuga asifunge kamba moja? Kijiji kikae, kipatane kwa maneno yaliyo wazi, na patano liandikwe, limbane maskini na mkubwa vile vile.

La pili ni juu ya vijana na miti. Kijana hapandi mchungwa mahali ambapo hajui kama ni pake. Baba anayemgawia mwanawe sehemu aseme mbele ya mashahidi, na mpaka uonyeshwe. Mashauri mengi ya ndugu yangekoma, na miti mingi ingeota.

La tatu wengine watalicheka, lakini nitalisema. Fedha za mayai na mboga ziwe mkononi mwa mama mwenye kazi hiyo. Yeye ndiye anayeinyweshea bustani na kuwafungia kuku usiku. Mtu hachoki kwa kazi ambayo matunda yake anayaona. Lakini mume akichukua kila senti ya mayai, kuku wale watakuwa wa mume, naye mume na aamke alfajiri awafungulie mwenyewe!

Kwenu walimu nina ombi moja tu. Tusimpe mtoto jembe kama adhabu. Mtoto aliyechelewa huambiwa, "Nenda kalime," na aliyefanya vizuri hukaa kivulini na kitabu. Baada ya miaka saba ya mafundisho hayo, twashangaa kwamba kijana aliyesoma analiona jembe kuwa aibu. Tuwape wale wanaoongoza darasani kazi ya kupima matuta na kuandika daftari la kuku, na wote wavune na kula walichopanda. Hesabu ya vifaranga 120 ni hesabu kama nyingine yoyote.

Kwenu vijana nasema hivi: msione haya kuanza kwa kidogo. Mwaka wa kwanza majani, lundo la mbolea na mchicha. Mwaka wa pili kuku. Mwaka wa tatu mbuzi. Huenda jirani yako amekwisha nunua ng'ombe, naye atakucheka ukimtazama tembe wako akiatamia. Mwache acheke. Usimjibu, mgawie miche ya mabingobingo, maana kiangazi kikija atakuwa na haja nayo.

Maneno yangu yamekwisha. Mwenye swali na aulize, na wazee wanaojua zaidi yangu katika mambo haya na watusaidie, maana hata karani hujifunza.  Mvua za masika zi karibu. Basi twendeni tukatazame maji yanapita wapi.